Bustani ya Baridi Ipangwe kwa Pua

Katika nchi zenye majira manne, wenye bustani wengi hufunga kazi majani yanapoanza kupukutika. Maua yaliyochoka yanang'olewa, majani yanafagiwa, jembe linarudishwa stoo, na kuanzia hapo bustani inabaki kitu cha kutazamwa dirishani mpaka joto lirudi. Karibu nusu ya mwaka inapotea namna hiyo. Naipinga desturi hii kwa moyo wote, na hoja yangu kubwa ni harufu. Bustani ya majira ya joto unaweza kuipanga kwa macho na ikakuridhisha. Bustani ya baridi ni ya pua kwanza, macho baadaye, na anayeichagulia mimea kwa rangi peke yake anajinyima kilicho bora.

Mmea haunukii kwa ajili yetu. Unaita wadudu waje kuuchavusha. Wakati wa joto wadudu wamejaa tele, na ua linaweza kutegemea rangi na ukubwa wake. Baridi ikishaingia wanabaki wachache: aina fulani za nondo wanaoruka hata usiku wa baridi, nzi wa hapa na pale, na nyuki wakubwa wenye manyoya wanaotoka jua likichomoza kwa saa chache. Ua linalochanua wakati huo lina wageni wachache waliotawanyika, hivyo linalazimika kuwaita kutoka mbali. Ukiyatazama maua haya utashangaa udogo wake. Mengi ni meupe au ya manjano hafifu, mengine yamejibana chini ya majani, lakini harufu inakufikia hatua kadhaa kabla hujajua inatoka wapi.

Na hewa yenyewe imepungukiwa na washindani. Hakuna nyasi zilizofyekwa, hakuna waridi, hakuna vumbi la njia kavu. Harufu moja ikipita, unaisikia yote.

Nianze na majira ya kupukutika majani, yaani Septemba hadi Novemba kaskazini mwa dunia, Machi hadi Mei kusini. (Miezi nitakayoitaja kuanzia hapa ni ya kaskazini, aliye kusini aisogeze kwa miezi 6.) Hapa ningepanda Elaeagnus × submacrophylla, ambayo vitalu vingi bado huiita Elaeagnus × ebbingei. Ni kichaka cha wigo kisichopukutisha majani, kinavumilia upepo hata ule wenye chumvi ya bahari, na watu hukipanda kwa uvumilivu huo tu. Wachache wanajua kwamba Oktoba na Novemba kinatoa vijiua vyenye rangi ya fedha, vinavyoning'inia chini ya majani mahali ambapo jicho halifiki, na harufu yake hujaza njia nzima. Mpita njia hugeuka huku na huku akitafuta kinachonukia, asikione. Napenda sana mmea unaomfanya mtu asimame hivyo.

Osmanthus fragrans, wenye asili ya Asia, hunukia kama aprikoti lililoiva, lakini hauvumilii baridi kali. Penye jalidi nyingi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, afadhali Osmanthus heterophyllus, wenye majani ya miiba, ambao nao huchanua majira haya haya. Taja jina lote unaponunua. Osmanthus delavayi na Osmanthus × burkwoodii ni mimea mizuri, ila huchanua majira ya kuchipua, na utakuwa umesubiri harufu ambayo haikukusudiwa kuja wakati huo.

Si lazima harufu itoke kwenye ua. Mti wa katsura, Cercidiphyllum japonicum, wenye asili ya Japani na China, hutoa maua ambayo hakuna anayeyaona. Majani yake yakishageuka manjano na kuanguka ndipo hewa inapojaa harufu ya sukari iliyoungua, hasa baada ya unyevu. Kemikali inayosababisha hilo ni maltoli, ambayo hutokea pia sukari inapopashwa moto. Ni mti mkubwa usiofaa ua mdogo, lakini mwenye nafasi asiukose.

Sasa baridi yenyewe. Kama ningeruhusiwa mmea mmoja tu, ningechagua Sarcococca confusa bila kusita. Ni kichaka cha kijani kilichokoza mwaka mzima, hukua taratibu na kufika kama mita 1.5 hadi 2. Kinaota kwenye kivuli kizito, hata chini ya miti ambako udongo ni mkavu na mimea mingine imeshindwa. Kuanzia Desemba mpaka Februari au Machi hutoa maua meupe membamba kama nyuzi, ambayo ukiyaonyesha mtu atauliza, ni hayo tu? Kisha akisogea, harufu ya asali inamjibu. Baadaye hufuata matunda madogo meusi yanayong'aa, ambayo mara nyingi huwa bado yako matawini maua ya mwaka unaofuata yanapofunguka. Asiye na nafasi apande Sarcococca hookeriana var. humilis, ambayo haizidi sana kimo cha goti. Sijui mmea mwingine unaodai kidogo hivi na kutoa kingi hivi, na unasikitisha ukiutazama kitaluni umewekwa pembeni kwa sababu hauna rangi ya kuuza.

Hapo ndipo ugomvi wangu na rangi unapoanza. Hamamelis ni jamii ya vichaka vinavyochanua matawi yakiwa matupu, petali zake zikiwa kama riboni zilizokunjamana, na kila petali hujikunja jalidi ikizidi, kisha hujikunjua hali ikitulia. Aina zenye rangi ya shaba na nyekundu, kama 'Jelena' na 'Diane', ndizo zinazowavuta wanunuzi. Ni nzuri kweli kweli. Lakini kwa harufu, nyingi za rangi hizo ni dhaifu ukizilinganisha na zile za manjano, kama Hamamelis mollis au 'Pallida'. Anayenunua kwa picha atapata picha. Anayetaka bustani inayonukia achukue ya manjano, aipe udongo wenye asidi kidogo usiotuamisha maji, na asiiache ikauke wakati wa joto, kwa sababu matumba ya maua ya baridi huanza kujitengeneza wakati ule ule.

Chimonanthus praecox unahitaji mtu mwenye subira. Wachina wameulea kwa zaidi ya miaka 1,000, na ukiunusa mara moja utaelewa sababu. Ua lake linaonekana kama limetengenezwa kwa nta ya manjano, ndani limetiwa zambarau, na kitawi kimoja kikikatwa na kuwekwa kwenye glasi hunukiza chumba kizima. Ila ukioteshwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka mingi bila kuchanua, wakati mwingine zaidi ya 10. Uliza kama mche umebebeshwa, yaani kitawi cha mti uliokomaa kimeunganishwa kwenye shina la mche mwingine. Mche wa namna hiyo huchanua mapema zaidi. Uweke mbele ya ukuta unaopigwa na jua ili matawi yake yakomae vizuri wakati wa joto. Na ukae mbali na mkasi wa kupogolea, maana maua huja kwenye matawi ya mwaka uliotangulia.

Daphne ni malkia wa kundi hili, na kama malkia wengi, ana masharti. Daphne bholua ni ya Himalaya. Gome lake hutumika Nepal kutengenezea karatasi. Aina yake inayosifiwa zaidi, 'Jacqueline Postill', ilitoka katika vitalu vya Hillier nchini Uingereza, ambako mkuzaji Alan Postill aliipata miongoni mwa miche ya mbegu na kuipa jina la mkewe. Huchanua kuanzia katikati ya baridi, huku majani yakibaki, na harufu yake ni tamu yenye uzito. Pale inapozidiwa na jalidi, Daphne odora 'Aureomarginata' ikiwekwa mahali palipokingwa hufuatia mwishoni mwa baridi. Daphne haipendi kuhamishwa, kwa hiyo chagua mahali pake mara moja. Jambo la kuzingatia kuliko yote: kila sehemu ya mmea huu ni sumu, na utomvu wake huweza kuwasha ngozi. Nyumba yenye watoto wadogo wanaookota matunda, mimi ningewashauri wasiipande karibu na mlango.

Wengine nawataja kwa haraka. Viburnum × bodnantense 'Dawn', uliozalishwa katika bustani ya Bodnant huko Wales miaka ya 1930, hufungua maua yake yenye rangi ya waridi kwa awamu kuanzia Novemba. Jalidi ikiua yaliyofunguka, matumba mengine yanangoja zamu. Mahonia japonica hunukia kuliko ile 'Charity' yenye umbo la kujionyesha. Lonicera × purpusii huwapa nyuki chakula wakati hawana pengine pa kwenda, lakini wakati wa joto haina umbo, basi iweke nyuma ya kitu kingine. Ndugu yake Lonicera fragrantissima imeshakuwa gugu katika sehemu za kusini mashariki mwa Marekani, na huko isipandwe.

Na kuna wale wanaokatisha tamaa. Jasminum nudiflorum huchanua manjano tele katikati ya baridi, inauzwa kwa jina la asmini, na haina harufu. Watu hununua jina hilo wakitarajia manukato, na nadhani ni wajibu wa muuzaji kuwaambia.

Sasa mahali pa kupanda, jambo ambalo naliona zito kuliko orodha yoyote. Wakati wa baridi hakuna anayekaa bustanini. Tunapita. Tunatoka mlangoni, tunafungua geti, tunapeleka taka, tunarudi. Kwa hiyo harufu iwekwe kwenye njia hizo hizo: pembeni mwa ngazi, karibu na geti, kando ya pipa la taka hasa, kwa kuwa huko tunakwenda kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Kichaka kilichopandwa mwisho wa uwanja ili kionekane vizuri kutoka sebuleni ni mmea uliopotezwa. Dirisha limefungwa, na hakuna atakayevuka tope kwenda kukinusa.

Baridi hupunguza kasi ya mafuta yanayonukia kugeuka mvuke, na upepo hutawanya hata kile kidogo kilichotoka. Ndiyo maana harufu huwa kali zaidi siku tulivu zenye joto kidogo, karibu na adhuhuri. Msaidie mmea wako: ukuta unaokusanya jua, pembe isiyopitiwa na upepo, au wigo hai unaochuja upepo pasipo kuurusha juu na kuuangusha upande wa pili kama ukuta mtupu unavyofanya. Na usirundike. Mimea mitatu inayonukia kwa pamoja mahali pamoja huharibiana. Itenganishe kwa nafasi au kwa miezi, Elaeagnus ya Oktoba hapa, Sarcococca ya Januari kule, ili kila moja ipate wakati wake wa kutawala.

Asiye na ardhi ana matunguu ya maua, yale yenye umbo la kitunguu. Narcissus papyraceus haihitaji kipindi cha ubaridi kabla ya kuchanua. Huwekwa kwenye kokoto na maji ndani ya nyumba na huchanua baada ya wiki chache, japo si kila pua huipenda, kwa maana harufu yake ni nzito. Hayasinthi, ua jingine la tunguu, huhitaji takriban wiki 10 gizani penye ubaridi kabla ya kuletwa kwenye mwanga. Vaa glavu unapoyashika matunguu yake, huwasha.

Ushauri wangu wa ununuzi unakwenda kinyume na kalenda ya wauzaji. Wengi wetu huenda kitaluni majira ya kuchipua, na tunarudi na kile kinachochanua majira ya kuchipua. Ndiyo sababu bustani zetu hunyamaza Januari. Nenda katikati ya baridi. Inama, nusa mmea mwenyewe, usiridhike na kibandiko, kwa sababu pua zinatofautiana na kinachomlevya mwenzako huenda wewe usikisikie kabisa. Mimea ya kwenye vyungu hupandwa wakati wowote udongo unapochimbika. Kama ardhi imeganda, uache mmea kwenye chungu chake karibu na mlango mpaka iyeyuke. Utakuwa unanukia hapo hapo.