Miaka 36 na bado naingia uwanjani na baritoni: niache au niendelee?

Mwezi uliopita mtoto wa mama mdogo kanipigia kutoka Tanga, tumeongea weee mambo ya nyumbani, afu katikati akaniuliza, "Dada, hivi kweli bado unapiga bendi? Na miaka 36 hiyo na mtoto juu?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na mimi nikajikuta sina jibu fupi la kumpa. Tangu siku hiyo swali halijanitoka, ndo maana nimekaa niliandike lote, la kuacha na la kuendelea, maana ukweli upo kwote kuwili.

Kwanza kwa asiyejua naongelea nini. Huku Marekani kuna bendi za gwaride za ushindani zinaitwa drum corps, sisi Waswahili wachache tulioko humo tunasema tu kori. Ni matarumbeta na jamii yake, baritoni yangu ikiwemo, ngoma, na timu ya bendera, hakuna saksafoni wala filimbi. Mnaingia uwanja wa futiboli ya Kimarekani, mnatembea, mnakimbia, mnachora maumbo chini huku mnapiga, shoo dakika kumi hivi, majaji wanatoa maksi mpaka pointi za desimali. Ukitaka picha, chukua matarumbeta ya harusini Dar, uyape nidhamu ya jeshi na uyaongezee mbio.

Kori za vijana zinasimamiwa na Drum Corps International, wenyewe wanasema DCI, iliundwa 1971 na fainali yao ya kwanza ilikuwa 1972 pale Whitewater, Wisconsin. Huko mwisho wa umri ni miaka 21, ukifikisha 22 kabla ya Juni mosi basi, umri umekutoa. Watu wazima walikuwa na chama chao tangu miaka ya 1960, Drum Corps Associates, na kwa miaka mingi fainali zao zilikuwa wikiendi ya sikukuu ya wafanyakazi, mwanzoni mwa Septemba. Mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kori za watu wazima zinaingia chini ya DCI, na kuanzia msimu wa 2024 zina daraja lao humo, daraja la umri wowote. Huo muungano ndo umefanya hili swali la umri liwe moto, nitalirudia.

Wengi wanaosema kori ni mambo ya vijana hawajui ilipotoka. Ilitoka kwa wanajeshi. Baada ya vita ya kwanza ya dunia maveterani walirudi nyumbani, matawi ya American Legion na vyama vingine vya maveterani yakaanzisha bendi za ngoma na tarumbeta, na tangu miaka ya 1920 walikuwa wanashindana kitaifa. Hawthorne Caballeros wa New Jersey walianzishwa 1946, vita ya pili imeisha tu, na wapo mpaka leo. Walikuwa wanaume wenye kazi na familia, wanatoka kazini jioni wanaenda mazoezi. Kwahiyo mtu mzima kwenye kori si mgeni aliyekataa kutoka sherehe ya watoto, mtu mzima alikuwepo toka siku ya kwanza.

Na sisi watu wa pwani tungepaswa kulielewa hili kuliko mtu yeyote. Beni yetu ilianzaje? Mwishoni mwa karne ya 19, Lamu na Mombasa, watu waliona bendi za kijeshi wakachukua gwaride, sare na vyeo wakavifanya vyao, baadaye ikashuka mpaka Dar na bara na vyama vya Marini na Arinoti vikishindana vibaya sana. Hao walikuwa watu wazima na heshima zao mjini, na heshima yenyewe sehemu ilitoka hukohuko kwenye beni. Sikumbuki kusikia mzee yeyote akisema beni ilikuwa ya watoto.

Sasa upande wa kuacha, na huu siutanii kabisa.

Cha kwanza ni muda, na muda wenyewe si wangu peke yangu. Kori ya watu wazima inafanya mazoezi wikiendi tu kwasababu watu wana kazi, lakini wikiendi ndo muda pekee ambao familia iko pamoja. Mimi nafanya kazi nyumba ya wazee hapa Pennsylvania, shifti za usiku siku nne, afu Jumamosi alfajiri naendesha saa moja na nusu kwenda mazoezini. Mwaka juzi Baba Nuru aliniambia jambo moja kwa sauti ya chini kabisa, tena anaosha vyombo, "Mama Nuru, mi sikukatazi, ila ujue mimi ndo ninayebaki." Sikuwa na la kusema. Ukiwa na miaka 19 unaowalipisha hizo saa ni wazazi na usingizi wako, ukiwa na 36 kuna mtu ndani ya nyumba anazilipa, na hakuna jaji anayempa maksi.

Cha pili mwili. Kuna mzee kwenye safu ya kontra, ile tuba kubwa ya kubeba begani inayofika kilo kumi na kitu, ana miaka 58. Jumapili moja ya Julai tulikuwa tunafanya mazoezi kwenye pakingi ya shule, lami imepata moto mpaka unausikia kwenye soli za viatu, na wakati wa mapumziko nikamwona amekaa kwenye boksi la barafu anafunga magoti kwa plasta, taratibu, la kushoto afu la kulia, kama mtu anayefunga mzigo wa safari ndefu. Hakulalamika. Alinyanyuka kabla hatujaitwa. Lakini mi nafanya kazi na wazee, najua goti likisema imetosha linakuwa limeshachelewa kusema.

Na masikio jamani, hili watu wanalipuuza kweli. Taasisi ya hapa ya usalama kazini, NIOSH, inasema kwenye sauti ya desibeli 85 usizidi saa 8 kwa siku, na ikifika 100 ni dakika 15 tu basi. Safu ya ngoma ikiwa imeshika kasi inapita 100 bila shida, na mazoezi yetu ni siku nzima. Bado kuna watu wazima wanaona vizibo vya masikio ni vya waoga. Mi nimevaa tangu msimu wa pili, na ningekuwa na mamlaka asiyevaa asingeingia kwenye mstari.

Hapo ndo muungano wa 2024 unaingia. Wanaoupenda wana hoja, kori zetu zilikuwa zinapungua, kuwa chini ya DCI kunaleta watazamaji na ratiba inayoeleweka. Wasioupenda wanasema tunaanza kufanana na kori za vijana. Vijana waliotolewa na umri juzi tu wanakuja kwetu wakiwa na miaka 22, wamezunguka nchi na bendi wakilala chini kwenye kumbi za shule majira matatu ya joto mfululizo, miguu bado ina spidi, na wanataka shoo ya mbio kama waliyoizoea. Shoo ikiandikwa kwa miguu yao, yule mzee wa magoti anapunguziwa sehemu mwaka huu, mwakani anaambiwa abebe maji. Mi naona hapa wasiwasi wao ni wa kweli. Muziki ufanywe mgumu wanavyotaka, tutaupiga, lakini hatua ziandikwe kwa kuangalia nani yupo kwenye mstari, la sivyo hilo neno umri wowote litabaki kwenye tangazo.

Kuna na jambo la watoto. Kwenye kori ya umri wowote unaweza kukuta wa miaka 16 amesimama kati ya watu wa 40, na 2018 shughuli hii yote ilitikisika pale mkurugenzi wa kori moja kubwa ya vijana alipotuhumiwa na wanawake kadhaa kwa unyanyasaji wa kingono, akajiuzulu. Anayesema hataki mwanae kwenye bendi iliyojaa watu wazima mi siwezi kumwambia ana wivu au hajui muziki. Anayo haki ya kuuliza nani analala wapi tukisafiri na nani anamrudisha mtoto nyumbani, na kori isiyo na jibu la haraka kwa maswali hayo usimpeleke mtoto.

Haya, sasa kwanini nisiache.

Neno kuendelea lenyewe linanikosa. Nilifika huku na miaka 15, shule ikaniazima baritoni, nikapenda sana. Nilipofika 19 kori za vijana zilikuwa palepale na nilijua napiga vizuri, ila ada ilikuwa maelfu ya dola, siku hizi zile kubwa nyingi zinapita dola 5,000 kwa msimu mmoja, na juu ya ada ni majira mazima ya joto barabarani bila mshahara. Mama alikuwa anasafisha ofisi usiku, mi nikaingia godauni kupanga maboksi. Umri ukanitoa kabla sijaingia. Nikaja kuvaa sare ya kori kwa mara ya kwanza nina miaka 28, kwenye kori ya watu wazima, ada sehemu ndogo tu ya ile na naweza kulipa kidogokidogo. Na si mimi peke yangu, kuna dereva wa lori, kuna fundi bomba, kuna mama aliyelea watoto watatu kwanza, watu ambao huo ujana wa kuzunguka nchi na bendi hawakuwahi kuupata. Unapotuambia mtu mzima aache, baadhi yetu unatuambia tusianze.

Wengine wananishauri nikafundishe watoto, au niende kori za wakongwe ambazo wengi wanapiga wamesimama tu nyimbo za zamani, au vikundi vidogo vya SoundSport ambavyo havina umri wala mbio. Yote mazuri, na goti likinikatalia nitaenda huko bila kinyongo. Ila kuna kitu kimoja sijakipata kwingine. Tunatembea hatua nane kwa kila yadi tano, watu wengi, macho mbele, unamjua wa kulia kwako kwa pumzi yake tu, maana wote mnavuta hewa kwenye hesabu ileile. Ukikosea nusu hatua unaambiwa hapohapo, "Rudi, tena." Kazini kwangu nikikosea mtu anaumia, nikipatia hakuna anayeona. Pale uwanjani nakosea, narudi, narekebisha, na mstari unanyooka mbele ya macho yangu. Jumatatu naingia shifti nikiwa mtu mwenye subira zaidi, hata wale bibi zangu wa wodini wanajua nimetoka wapi.

Kwahiyo nimempigia yule mdogo wangu wa Tanga nikamwambia naendelea, lakini si kwa mtindo wa zamani. Msimu huu mimi na Baba Nuru tulikaa mezani kabla sijalipa chochote, tukafungua ratiba yote, akaniambia zipi zinamuuma na zipi hapana, afu nikampigia kiongozi wa safu yetu nikamwambia wikiendi mbili za Juni msinihesabu, kama hilo linanipunguzia sehemu kwenye shoo nimekubali. Akasema sawa, tutakupanga nyuma kwenye wimbo wa pili. Tarehe ziko kwenye friji, za kori kwa kalamu nyeusi, za nyumbani kwa nyekundu, na zile mbili za Juni Nuru mwenyewe kachora samaki, maana tumemwahidi ziwani.