Pamoja ndugu, kule Maine kwenye theluji

Hivi mnajua kuna haiskuli ya serikali Marekani ambayo vijana wake wa timu ya mpira wa miguu kabla ya mechi walikuwa wanapiga kelele "Pamoja ndugu"? Kiswahili kabisa, sitanii. Ni Lewiston High School, jimbo la Maine, kamji ka watu kama elfu 37 hivi, baridi ya kufa mtu, na jimbo lenyewe wazungu watupu karibu wote. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaanza kufuatilia.

Wachezaji wengi walikuwa Wasomali, familia zao zilianza kuhamia pale 2001 na wengi walipitia Kenya, kwenye kambi za wakimbizi kama Dadaab, sasa Kiswahili kitakosaje? Mapokezi yalikuwa ya kuchanganya. 2002 meya aliandika barua ya wazi kuwaambia Wasomali wapunguze kuja, eti mji umezidiwa, wakati mababu wa wenyeji wengi wa hapohapo walitoka Quebec kutafuta kazi viwanda vya nguo, wanaongea Kifaransa chao, Wakatoliki, nao walichukiwa vilevile. Mgeni wa juzi anamfungia mlango mgeni wa jana!

2015 timu ikachukua ubingwa wa jimbo, 1-0 dhidi ya Scarborough. Kocha Mike McGraw alikuwa amekaa na timu ile zaidi ya miaka 30 bila hilo kombe. Wakarudia 2017 na 2018.

Sasa kila anayesimulia anasema mpira umeunganisha mji. Mi sikubaliani, au niseme sikubaliani sana. Mpira ulikuja nyuma. Cha kwanza ni kwamba shule ya serikali kule haichagui mtoto, ukiishi eneo lake unaingia, ada hakuna, mtihani wa mchujo hakuna, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1982 hata mtoto asiye na vibali hawawezi kumkatalia. Kwa hiyo meya aandike barua mpaka wino uishe, Jumatatu asubuhi mwalimu anaita majina na Mohamed yumo. Mimi niliyepita kwenye mchujo wa darasa la saba, nikaona wenzangu wanaachwa, hilo ndo lilinigusa kuliko magoli.

Si kwamba mambo ni asali tupu. Sehemu ya hela ya shule inatoka kwenye kodi ya majengo ya mji wenyewe, na mji ambao viwanda vyake vilishakufa utatoa wapi? Mzee ambaye watoto wake walishakua bili inamfikia vilevile, akinuna namwelewa kidogo. Kidogo tu.

Kipa wa ile timu ya 2015 lakini alikuwa mzungu wa palepale. Naye alikuwemo kwenye duara la kabla ya mechi, pamoja ndugu na yeye.