Zinki kwenye oili ya injini: chuma kinapona, msuguano unapanda

Chupa nyingi za oili hujinadi kwamba "zinapunguza msuguano na kulika kwa vyuma", kana kwamba mambo hayo mawili lazima yaandamane. Hayaandamani. ZDDP, kiongezi cha zinki, fosforasi na salfa kilichomo kwenye oili za injini tangu miaka ya 1940, hukinga chuma vizuri sana, na mara nyingi huongeza msuguano.

Kwenye beringi za krenki mzigo hubebwa na oili yenyewe, hivyo ZDDP haina kazi kubwa pale. Taabu iko pale kemshafti, mhimili unaofungua vali, inapokandamiza tapeti, kipande kinachosukumwa nayo, na pale ringi za pistoni zinapogeuza mwendo. Hapo oili huwa nyembamba kuliko vinundu vya uso wa chuma. Joto na kani ya kusuguana huvunja molekuli za ZDDP, na juu ya chuma hujengeka tabaka gumu la fosfati, mfano wa kioo, lenye unene wa nanomita 50 hadi 150. Tabaka hilo huliwa badala ya chuma, kisha hujengeka tena.

Kasoro ni kwamba huota kwa mabaka. Mabaka huzuia oili isipenye vizuri, kwa hiyo nyuso huendelea kugusana hata kwenye mwendo ambao oili ingekwisha kuzitenganisha. Kipimo cha msuguano hapo huwa kama 0.1 hadi 0.14. Molibdeni ya kuyeyuka kwenye oili, MoDTC, huweza kukishusha hadi 0.04 au 0.06, kwa sababu huacha matabaka membamba yanayotelezeana.

Basi kwa nini tusiweke molibdeni peke yake? Nguvu yake hupungua oili inapozeeka, na kazi ya kukinga chuma bado inahitaji zinki. Vipunguza msuguano vingine, vile vya asili ya mafuta, hung'ang'ania uso uleule wa chuma na kuchelewesha tabaka la kinga.

Ubishi mkali zaidi ni wa kiasi. Fosforasi iliyomo kwenye ZDDP hudhoofisha katalisti ya ekzosi, kifaa cha kusafisha moshi, ndiyo maana viwango vya ubora wa oili vya API na ILSAC viliibana isizidi 0.08% kwenye oili nyepesi kama 5W-30. Kwa lita 4 za oili, hiyo haifiki gramu 3. Wenye injini za zamani zenye tapeti bapa hulalamika, na kwao nakubali: kemshafti mpya ya aina hiyo inahitaji fosforasi ya 0.1% au zaidi, hasa dakika 20 za kwanza, injini ikizungushwa kama mara 2,000 kwa dakika bila kuachwa sailensa, yaani kunguruma taratibu gari likiwa limesimama. Ila kwa injini yenye tapeti za rola, kununua kichupa cha zinki ni kutupa hela. Zinki ikizidi huongeza majivu na yaweza kula sehemu za shaba. Tena oili nzito kama 20W-50 haibanwi na kikomo hicho, kwa hiyo mwenye gari kuukuu asome karatasi ya vipimo vya oili yake kabla ya kuongeza chochote.

Kwenye bodaboda hesabu inageuka. Klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili ileile ya injini, na klachi hufanya kazi kwa msuguano. Ukimimina oili ya gari yenye vipunguza msuguano, injini hupandisha mlio mlimani huku mwendo hauongezeki, kisha plati huungua. Tafuta JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, kwenye lebo. MB ni ya skuta zenye klachi kavu. Klachi ikianza kuteleza baada ya kubadili oili, imwage ingali moto, weka MA, tembea kilomita chache, umwage tena. Ikiendelea kuteleza baada ya kukaza kebo sawasawa, badilisha plati na upime springi.