Si limbwata, ni bamia

Naandika leo Jumatano asubuhi, chai haijapoa, kwa sababu nimeambiwa kijiweni kwenye kahawa, tangu jana jioni, habari ya mji ni kwamba nimemlisha mkwe wangu limbwata. Mwanamume mzima wa miaka 66, nimlishe mwanamume mwenzangu limbwata ili iweje? Anipende zaidi? Aliyeitangaza ni mtani wangu Mnyamwezi, yule anayeniita "marehemu" kila tukionana, na mtani huna pa kumshitaki. Kwa hiyo najisimulia mwenyewe. Tuliokuwepo ni mimi, yeye, mkwe, mjukuu na chupa. Chupa haisemi.

Mnajua bibi yenu yuko Morogoro. Binti yetu kajifungua, mama mtu kaenda kumlea mzazi, na arobaini ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hapa Ngamiani nimebaki na mjukuu wa darasa la tatu, presha yangu, sukari yangu, na karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji kwa herufi kubwa kama tangazo la stesheni: CHUMVI ISIZIDI KIJIKO KIMOJA CHA CHAI KWA SIKU NZIMA. NAZI HAPANA. MANDAZI YA JIRANI NITAJUA.

Relini nilifanya ukarani miaka 31. Nimeona mabehewa yameacha njia usiku wa mvua na sikutetemeka. Lakini siku ya kwanza nilipowasha jiko nipike wali usio na nazi, mkono ulinitetemeka. Mtu wa Tanga kula wali mkavu ni sawa na kwenda harusini na kandambili: utaingia, utakaa, lakini kila mtu anakutazama miguu. Mjukuu alionja akaniuliza, "Babu, huu wali ni wa mgonjwa gani?" Chapati za unga usiokobolewa nilizopika wiki ya pili, moja bado ipo. Tunawekea sufuria ya moto.

Ila nilikuwa napata maendeleo, nisijidharau. Ugali wa dona nimeuweza. Mchicha nauchemsha kidogo tu, haupotezi rangi. Samaki wa kuchemsha nampiga tangawizi, kitunguu saumu na ndimu mpaka ulimi unasahau kuidai chumvi. Nilishaanza hata kuwasema wenzangu kijiweni wanaokula kashata. Kumbe majivuno nayo ni chakula, na yana mafuta mengi.

Sasa bamia.

Ililetwa ile sauti kwenye simu, nadhani wote mliipata, ya yule bwana anayesema magoti ya wazee yanalia kwa sababu ute umekwisha, na dawa yake ni maji ya bamia. Goti langu la kulia linalia kama mlango wa stoo. Nikiinuka kwenye jamvi, safu nzima inageuka. Nikamuuliza muuguzi kliniki, siku ya kupima presha. Alicheka mpaka akaiweka mashine chini. "Babu, goti si mnyororo wa baiskeli, useme utalitia mafuta kutokea juu. Ukimeza ute wa bamia unaishia tumboni. Bamia uile kama mboga, ni nzuri, na dawa zako usiache."

Dawa sikuacha. Bamia pia sikuacha. Nilijiambia mboga haijawahi kuua mtu.

Mlioniandikia pembeni kuulizia kipimo: wanaofanya hukata bamia tano au sita, wakalowesha kwenye glasi ya maji usiku kucha, asubuhi wakachuja. Mimi nilitoka Mgandini na fungu zima. Nikapiga hesabu kwamba kama sita zinasaidia, ishirini zitamaliza kazi mapema. Nikazikata, nikazilowesha, asubuhi nikazikamua kwa mkono kama mtu anayekamua tui. Kilichotoka sikuweza kukimimina, nilikisindikiza kwa kijiko kuingia kwenye chupa. Chupa yenyewe ni ile ya maji ya dukani ya lita moja na nusu, karatasi yake bado iko ubavuni, mlima na theluji. Nikaitia kwenye friji, rafu ya maji. Hapo ndipo kosa lilipo, na nalikubali.

Jana, adhuhuri imeshaswaliwa, jua la kupasua vichwa, nasikia hodi. Mtani kasimama mlangoni anakokota baiskeli, na nyuma yake mkwe. Baba wa mume wa binti yangu. Kashuka kwenye kosta ya Pangani bila kupiga simu, anataka tupange safari ya Morogoro. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, kofia ya viua, na ndevu kaziweka hina mpya kwa ajili ya arobaini, zimekolea rangi ya chungwa. Mkwe wangu huyu hajawahi kuniambia neno zito wala jepesi miaka sita. Nikizungumza naye hata kohozi naliombea ruhusa.

Mtani alipaswa kumfikisha na kwenda zake. Akasema atapumzika kidogo. Alikuja kuona nimepika nini.

Tukakaa. Nikamwita mjukuu: "Mletee babu yako maji ya baridi." Yale ya baridi ya kweli alikuwa ameyamaliza mwenyewe alipotoka shule. Mtoto wa miaka tisa anaona friji, anaona chupa, anaona mlima na theluji. Mngemlaumu?

Akaja na sinia, glasi juu ya sinia, kisahani juu ya glasi, kama alivyofundishwa na bibi yake. Nikajisikia fahari, malezi haya. Fahari ilidumu mpaka alipoondoa kisahani.

Maji yakibebwa hucheza. Haya hayakucheza. Mtoto aliinamisha sinia kumkaribia mgeni, na kile kilichomo ndani kikaenda upande mmoja polepole, kikafikiri, kikarudi.

Nilijua pale pale. Mnauliza kwa nini sikusema. Kwa sababu mkwe alikuwa katikati ya kunisimulia maziko ya shemeji yake. Yuko kaburini, mwili unateremshwa, na mimi nimwambie nini, "Samahani, hiyo glasi yako ina bamia"? Nilifungua mdomo nimzuie, yakatoka maneno "Inna lillahi." Akaitikia kwa kichwa, akaipokea glasi.

Mkwe ni mtu wa sunna. Hunywa amekaa, kwa mkono wa kulia, kwa mafunda matatu, na baada ya kila funda huitoa glasi mdomoni apumue pembeni. Zikumbukeni hizo funda tatu.

Bismillahi.

Akaiinua glasi. Kilichomo hakikushuka. Akaiinamisha zaidi. Bado. Akaiinamisha mpaka nikakiona kitako cha glasi kinatazama dari, ndipo kikaamua kuja, na kikaja bila mlio wowote. Hakuna guu, hakuna nini. Koo lilipanda, likakaa huko juu kwa muda, likashuka.

Akaitoa glasi mdomoni apumue. Glasi ikaondoka, bamia likabaki.

Uzi. Mmoja, mwembamba, unang'aa, umetoka mdomo wa chini wa mkwe umekuja kushika ukingo wa glasi. Akasogeza mkono mbele kidogo, uzi ukarefuka. Akasogeza tena. Akanyoosha mkono wote mpaka kiwiko kikamaliza safari, na uzi upo, umelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Anapumua kwa pua. Macho kanitolea mimi. Mimi nimeyatolea pangaboi, kwa sababu pangaboi langu lilikuwa linageuka taratibu kutoka dirishani, na nilijua likifika itakuwaje.

Likafika. Uzi ukaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto, kisha ukapepea wote kwa pamoja ukaenda kulala kwenye ndevu. Kijani juu ya chungwa. (Wewe unayecheka hapo Chumbageni, nakusikia mpaka huku.)

Akatoa leso mfukoni, akajipangusa kwa heshima zote. Uzi sasa ukawa na vituo vitatu: glasi, ndevu, leso. Hata Mnyusi, ambako njia ya Ruvu inakuja kuungana na ya Tanga, sikuwahi kuona makutano ya namna ile. Kila alipovuta leso, ndevu zilifuata. Nilifikiria mkasi. Wallahi, nilifikiria kuomba udhuru niende chumbani nikalete mkasi.

Mtani alikuwa amevua kofia yake, kaiuma. Mabega yanamruka. Mjukuu kasimama na sinia, mdomo wazi, anajifunza.

Nikasema moyoni, sasa ataiweka chini, ataniuliza, nitamwambia, tutacheka, yatakwisha. Hamumjui mkwe wangu. Yule kalelewa Pangani ya zamani, hakatai cha mwenye nyumba hata kikimkataa yeye. Akaivuta pumzi, akaielekea glasi tena.

Funda la pili, ndugu zangu. Alirudi kwa funda la pili.

La tatu sikulitazama. Nilitazama kalenda ukutani nikasoma tarehe zote za mwezi. Niliposikia "Alhamdulillahi" ndipo nikageuka. Glasi tupu, ipo juu ya sinia, na sinia limeanza kunata. Mkwe anajipangusa ndevu kwa mara ya nne. Akakaa kimya kidogo, kama mtu anayetafuta lugha ya kumwambia mwenzake jambo la msiba, kisha akasema taratibu:

"Mkwe. Maji haya mnachota wapi?"

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi ya kusema kweli. Maneno mawili tu: ni bamia. Badala yake nikasikia sauti yangu mwenyewe, ya ukarani, inajibu:

"Ya bomba, mkwe."

Akanitazama. Kisha akamtazama mjukuu, akamtazama kwa muda mrefu, akamwekea mkono kichwani.

"Poleni sana," akasema. "Sisi kule tunalalamika bure."

Mtani akainuka, kofia bado iko mdomoni, akatoka kwa kikohozi. Tukamsikia uani amejishikilia kwenye baiskeli, na kwa jinsi alivyokuwa anatetemeka kengele ikawa inalia yenyewe, kring, kring, kring. Mkwe akaniuliza kama yule bwana ana kifua. Nikasema anacho, cha muda mrefu.

Yaliyofuata siyasemi sana. Nilimpakulia dona na changu wa kuchemsha. Akaomba chumvi, mjukuu akamjibu "bibi kakataza" kabla sijamkanyaga mguu. Akala bila chumvi. Safari tukapanga, ya basi la alfajiri siku ya Ijumaa. Akaondoka na kosta ya alasiri, akakataa maji ya njiani.

Maghrib haijaadhiniwa, simu ya Morogoro. Mtani alishamtumia bibi yenu sauti ya dakika saba, na dakika nne kati ya hizo ni kucheka tu. Nikajiandaa kutukanwa. Akanyamaza, halafu akauliza jambo moja: "Umemwekea kwenye glasi ipi? Zile za kabatini?"

Ndiyo, zile za kabatini. Nimeisugua kwa sabuni mara tatu, kwa majivu mara moja. Ukiishika bado inakuteleza.

Nilikuwa nimekusudia kumpigia mkwe leo nimweleze ukweli, nimeandaa mpaka utangulizi. Kaniwahi. Ujumbe wake umeingia sasa hivi nikiwa naandika hapa, na nimeusoma mara tano sijaelewa kama kashaambiwa au bado anatuonea huruma:

"Assalamu alaykum mkwe. Ijumaa njoo na mkeka tu. Maji nakuja nayo, na ya mtoto pia."