Mkuu wa Chuo Aliyekuwa Mbunge: Kisa cha Yvonne Kennedy wa Alabama

Kwa miaka 26 Yvonne Kennedy alikuwa mkuu wa chuo cha umma na mbunge kwa wakati mmoja. Chuo chenyewe ni Bishop State, chuo cha masomo ya miaka miwili mjini Mobile, kusini kabisa mwa jimbo la Alabama nchini Marekani. Bunge ni lile la jimbo, linalokaa Montgomery. Alikuwa ofisini katika utawala wa chuo hicho alipochaguliwa mwaka 1979. Mwaka 1981 akakabidhiwa chuo chote, na ubunge hakuuacha. Chuoni aliondoka 2007. Bungeni alikaa mpaka mauti yalipomkuta Desemba 2012.

Alabama ina mfuko wa elimu uliotengwa na mfuko mkuu wa serikali ya jimbo, na vyuo vya miaka miwili hupata fedha humo. Maana yake mama huyu alipokuwa akipiga kura ya bajeti ya elimu, chuo anachokiongoza kilikuwa ndani ya bajeti hiyo, pamoja na mshahara wake mwenyewe. Sheria haikumzuia. Wala hakuwa wa pekee: walimu na watumishi wa vyuo walijaa katika bunge lile la wajumbe 140.

Ukitaka kumwelewa, anza na chuo. Bishop State kilianza mwaka 1927 kama tawi la chuo cha watu Weusi cha Montgomery, kikijitegemea tu kuanzia 1965, katika enzi za Gavana George Wallace, yule aliyeapa kulinda ubaguzi milele. Katika mfumo wa vyuo vya miaka miwili alioujenga Wallace, chuo kilikwenda kule ambako kulikuwa na mwanasiasa mwenye sauti. Kwa watu Weusi wa Mobile, ambao kwa vizazi walinyimwa hata kura, kumpeleka bungeni mtu anayejua darasa lipi linavuja halikuwa jambo la kuonea aibu. Wenzao Weupe walikuwa wakifanya hivyo siku zote bila kuulizwa. John Knight, aliyekuwa kiongozi katika utawala wa Chuo Kikuu cha Alabama State, alikuwa mlalamikaji mkuu katika kesi iliyoanza 1981 kudai vyuo vya Weusi vitendewe haki. Baadaye naye akaingia bungeni. Kwa watu hawa, mahakama na bunge vilikuwa milango miwili ya nyumba moja.

Tena kuna suala la riziki. Katiba ya jimbo iliweka malipo ya mbunge kuwa dola 10 kwa siku ya kikao, marupurupu yakihesabiwa kando. Nani angeweza kugombea? Wakili mwenye ofisi yake, mwenye kiwanda, mkulima mkubwa. Mtu Mweusi mwenye elimu na ajira ya uhakika miaka ile mara nyingi alikuwa mwalimu. Ukimfungia huyo mlango kwa jina la maadili, unabaki na bunge la wenye mali.

Hoja hiyo naikubali kwa mwaka 1979. Tatizo ni kwamba ilitumika mpaka 2007, mwaka ambao wabunge walijiongezea marupurupu kwa zaidi ya asilimia 60 na kuipindua kura ya turufu ya Gavana Bob Riley. Dola 10 zilikuwa zimebaki kwenye maandishi tu.

Halafu tazama kazi yenyewe. Kikao cha kawaida ni siku 30 za mikutano zilizotandazwa ndani ya siku 105. Kutoka Mobile hadi Montgomery ni zaidi ya kilomita 260. Mkuu wa chuo anayefuata kikao hicho hayupo ofisini kwake sehemu kubwa ya muhula. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kennedy alivishika vyote viwili robo karne. Kilichoponyoka kilikuwa ofisi ya fedha. Katika miaka ya 2006 na 2007 ilibainika kwamba misaada ya wanafunzi ilikuwa ikiibwa chuoni hapo, na zaidi ya watu 20, wafanyakazi na jamaa zao, wakafikishwa mahakamani. Yeye hakushtakiwa. Lakini alikuwa mkuu wa chuo, na ndiyo miezi aliyoondoka.

Haya yalitokea wakati gazeti la Birmingham News likichimbua mfumo mzima wa vyuo vya miaka miwili, kazi iliyompa mwandishi Brett Blackledge tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, mwaka 2007. Kansela, yaani mkuu wa mfumo huo, Roy Johnson, alifukuzwa 2006 na baadaye akakiri makosa ya rushwa. Johnson alikuwa mbunge zamani. Na aliyeletwa kusafisha, Bradley Byrne? Alitolewa moja kwa moja kutoka Seneti ya jimbo. (Mtu angecheka kama si fedha za watoto wa maskini.) Kwa hiyo hata wale waliopiga kelele kuhusu kofia mbili, yaani ubunge na kazi ya chuo kwa pamoja, waliona sawa tu mwanasiasa akabidhiwe vyuo, alimradi avue moja kwanza.

Na hapo nadhani walikuwa na haki. Tofauti kati ya kupita kutoka kiti kimoja hadi kingine na kukaa vyote viwili ni kubwa. Mbunge anayehamia chuoni anaweza kuitwa na bunge ajieleze. Mkuu wa chuo aliye mbunge anaitwa na nani? Wakaguzi, kansela, bodi, wote walijua kwamba bajeti yao nao ingefika mezani kwake. Hakuhitaji kumtisha mtu yeyote. Ninavyoona mimi, mwaka wa kuchagua kiti kimoja ulikuwa 1991, vyuo viwili vya ufundi vya Mobile, Carver na Southwest, vilipounganishwa na Bishop State na yeye akawa mkuu wa taasisi kubwa zaidi.

Desemba 2010, mwezi mmoja baada ya Warepublican kushinda wingi wa bunge kwa mara ya kwanza tangu karne ya 19, kikao maalumu kilipitisha marufuku ya mbunge kuwa na ajira nyingine ya serikali ya jimbo, ianze baada ya uchaguzi wa 2014. Ni sheria nzuri, ila imepinda upande mmoja. Walioguswa zaidi ni walimu na watumishi wa vyuo, wengi wao Wademokrati. Mwenye kampuni binafsi inayoguswa na sheria anazozitunga hakuambiwa achague.