Mtoto Aliye Karibu na Shule Aende kwa Miguu

Kila asubuhi hapa Migosi, jijini Kisumu, naona jambo linaloniumiza moyo: pikipiki moja imebeba watoto wanne waliovaa sare, mdogo wao ameketi juu ya tangi mbele ya mwendeshaji, hana kofia ya kinga, na mikono yake imeshikilia vioo. Shule wanayopelekwa haifiki kilomita mbili kutoka nyumbani. Sheria ya Trafiki inairuhusu bodaboda kubeba abiria mmoja tu, lakini sisi wazazi ndio tunaowapandisha hao wanne na kulipa nauli, tukiamini kwamba tumewaepusha na hatari za njiani.

Mimi nashikilia kwamba mtoto anayeishi karibu na shule aende kwa miguu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate angalau wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Mwanangu wa Gredi ya Nne, akichapuka, hutumia dakika 25 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, hata kabla hajagusa mpira. Faida niliyoipata mimi, hata hivyo, ni mazungumzo. Njiani ndipo anaponieleza ni nani aliyemnyang'anya penseli na ni somo gani linamtatiza, na ni yeye aliyenionyesha kiota kikubwa cha fundichuma katika mti ambao nimepita chini yake miaka mingi bila kuinua macho.

Hofu ya wazazi wenzangu naielewa, kwa sababu kuvuka barabara ya Kakamega karibu na Kondele si mchezo hata kwa mtu mzima. Kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa, ila matatu inayowania abiria haikiheshimu, na penye njia ya waenda kwa miguu mara nyingi utakuta vibanda na pikipiki zimeegeshwa. Lipo pia suala la giza, ambalo naliona zito zaidi kwa kuwa tumelizua wenyewe. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka masomo katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kumalizika saa tisa na nusu alasiri. Shule inayomtaka mtoto wa miaka minane awe darasani saa kumi na mbili na nusu inamlazimisha kutoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, na hapo mzazi hana budi kuita bodaboda.

Katika ploti yetu tumeanza na nyumba tatu. Mzazi mmoja huwasindikiza watoto wote sita, wakubwa wakiwashika wadogo mikono, na barabara kuu huvukwa kwa pamoja, mtu mzima akitangulia. Zamu yangu ni Jumatatu na Alhamisi. Jana jioni mama wa mapacha wa Gredi ya Pili alibisha hodi kuuliza tunaondoka saa ngapi.