Beberu wa Mtera: sikilizeni na upande wangu

Wakuu, ile voisi noti ya rafiki yangu Mchumi, anayosimulia safari yetu ya kuvua samaki Bwawa la Mtera, naomba muache kuifowadi. Najua imeshafika mbali, leo asubuhi mama wa chapati pale Majengo kanihudumia huku kajiziba mdomo na kanga, kaniwekea chai halafu ananiuliza "supu ya mbuzi leo utaagiza au utavua mwenyewe?" Sasa kama imefika mpaka kwenye chapati basi na mimi niongee, maana Mchumi kasimulia weee, kacheka katikati, kakohoa, kaendelea, na hakuna sehemu hata moja aliyotaja nani alileta kile chambo.

Tuanze na rodi, ile fimbo ya kuvulia, kwa sababu ndo inayosingiziwa. Watu wananitumia meseji eti "ndo matatizo ya kuvulia kijiti". Kijiti? Mnanijua mimi naangalia zile video za Wamarekani wanaovua samaki aina ya bass, naangalia mpaka usiku wa manane bando linakata. Na kabla hujaniandikia, ndio, najua bass Mtera hakuna, asili yake Amerika Kaskazini, hapa jirani wapo Naivasha kule Kenya walipandikizwa enzi za mkoloni, sisi bwawani kwetu tuna perege na kambale. Lakini rodi haisomi jina la samaki bana, inasoma uzito.

Haya yote nilimweleza Mchumi kwenye gari, tangu tunapita Mlowa. Nilimwambia kuna vitu viwili watu wanavichanganya, nguvu na mpindo. Nguvu ni rodi inabeba mzigo kiasi gani, mpindo ni inaanzia wapi kupinda. Yenye mpindo wa haraka inapinda kule juu nchani tu, ya polepole inapinda mpaka katikati inakaribia mkono. Ukivua kwa dropu shoti, ile ya risasi kukaa chini kabisa na kachambo kadogo kanacheza juu yake, unataka rodi nyepesi ya kaboni yenye ncha laini ili samaki akionja tu wewe umeshajua. Ukivuta krankibeti, kile chambo cha plastiki chenye mdomo kinachopiga mbizi, kina ndoano za matawi matatu, hapo unataka inayopinda polepole, wengi wanapenda yenye faiba, maana samaki akikurupuka rodi inamfuata taratibu na ndoano haimchomoki. Halafu kwenye majani na magogo ndo unatoa lirodi ligumu, uzi wa kusuka, samaki akishika tu unamng'oa kabla hajajifunga kwenye kisiki. Mtera yenyewe mnaijua, imejaa miti iliyokufa imesimama ndani ya maji tangu bwawa lilipojaa.

Mchumi alikuwa anasema "eeh, eeh" huku anamenya machungwa. Mkumbuke hayo machungwa.

Sasa kwa mshahara huu nani ananunua rodi tatu? Nikachagua moja, nyepesi, futi 6 na inchi 6, unaishika unahisi hujashika kitu. Pale juu ya mpini imeandikwa chambo 1/8 mpaka 3/8 ya aunsi, mshipi, yaani uzi wenyewe, nguvu ya pauni 4 mpaka 10. Kwa gramu chambo ni kama 3 na nusu mpaka 10 na ushee. Yale maandishi si urembo, ni mkataba. Mshipi nikaweka wa pauni 8, breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, nikailegeza iachie kwenye pauni 2 hivi, maana kanuni ni robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Kila kitu kimekaa kitaalamu. Hapo naomba mnipe maua yangu.

Tukafika. Wale kinamama wa perege wa kukaanga wapo na mabeseni yao barabarani, tukanunua, tukala, tukashuka ufukweni. Nikatafuta sehemu ya juu kidogo penye uwazi, sikutaka kusogelea maji kwa sababu kule mamba wapo na viboko wapo na mimi nina watoto. Kumbe uwazi ule ni njia ya mifugo kushukia kunywa maji. Ndo maana palikuwa na uwazi! Pembeni kuna madogo wanavua kwa fito na nailoni, chambo chao kipande cha sabuni ya mche, ndoo yao ina kambale wanagaragara. Wakaniangalia nikifungua begi. Nikatoa rodi, nikaunga vipande viwili, nikapitisha mshipi kwenye vipete, yule dogo mkubwa akauliza "anko, hiyo antena ya nini?"

Nikatoa kachambo kangu ka gramu 5. Hapa sasa ndo sehemu ambayo haipo kwenye voisi noti. Mchumi akatia mkono mfukoni akatoa krankibeti lake alilonunua Dar, likubwa, la kijani, macho mekundu, limeandikwa gramu 18 tumboni. Gramu 18! Akasema "weka hii, samaki mkubwa anataka msosi mkubwa." Nikamwambia ni nzito kwa rodi hii. Akageuka kwa wale madogo akasema kwa sauti "mtaalamu wetu anaogopa." Mbele ya watoto. Mwenye ndoo ya kambale akaguna.

Nikaifunga.

Sasa elewa kitu kimoja kabla sijaendelea. Rodi nyepesi ukiipa mzigo uliopitiliza, ukiipeleka nyuma inajikunja na kuchelewa kurudi, chambo badala ya kukaa juu ya kichwa chako kinashuka chini kule mgongoni, chini kabisa, usawa wa kiuno. Na mgongoni kwangu, bila mtu yeyote kuniambia, kundi la mbuzi lilikuwa limeshafika, na kiongozi wao alikuwa ameinama anakula maganda ya machungwa ya nani? Ya Mchumi.

Nikapeleka rodi nyuma. Nikasikia imejaa uzito mkononi, nikajisemea hapa sasa ndo imechaji, ndo ule mpindo wenyewe. Nikatupa mbele kwa nguvu zote. Na sekunde ileile dogo mmoja akarusha jiwe majini, sijui anafukuza ndege, likaanguka chubwi! palepale nilipolenga. Naona mawimbi. Naona yanatanuka vizuri kabisa. Na mkononi rodi imejikunja mpaka kwenye mpini. We unayecheka hapo, ungewaza nini?

Rili ikalia. Kwanza kidogo, zr... zr... kama mtu anafungua zipu ya begi kwa kuiba. Nyie, ule mlio nimeusikia kwenye simu miaka na miaka, leo unalia mkononi kwangu. Nikapiga kelele, sauti imetoka sijui wapi, "KAINGIAAA! MKUBWAAA!" Kinamama wa perege kule juu wakasimama. Madogo wakaacha fito zao. Mchumi akatoa simu, na kwa hilo simlaumu maana mimi mwenyewe ndo nilimwambia "rekodi, rekodi!"

Kwenye video huwa wanasema usimpe samaki nafasi, egemea nyuma. Nikaegemea nyuma. Samaki naye akanivuta nyuma. Nikazidi kuegemea, naye akazidi kunisaidia. Hapo ndo akili ikaanza kurudi kidogokidogo, inauliza maswali. Hivi huu mshipi mbona hauendi majini? Mbona unapita juu ya bega langu? Samaki gani huyu anakimbilia barabarani?

Nikageuka. Niligeuka taratibu, nafikiri mwili ulishajua ila ulikuwa unanipa muda wa kujiandaa. Nikaufuata mshipi kwa macho. Unapita bega, unapita begi langu, unapita miguu ya watu, unafika kwenye krankibeti ya kijani yenye macho mekundu, nayo imening'inia katikati ya ndevu. Juu ya ndevu kuna mdomo unatafuna ganda la chungwa. Juu ya mdomo kuna yale macho ya mbuzi yenye mboni za kulala. Beberu. Mkubwa, mweusi, pembe zimerudi nyuma. Hajaumia hata kidogo, ndoano ipo kwenye manyoya tu, ila kajua kuna mtu anamvuta ndevu na amemjua ni nani.

Tukaangaliana. Akaacha kutafuna.

Halafu akaondoka. ZRRRRRRRRRRRR. Breki ya pauni 2 kwa beberu mzima ni sawa na hakuna breki, mshipi unatoka tu, mimi nikaona unaisha kwenye rili, nikafanya kile ambacho mwenye rodi ya hela yake angefanya, nikamfuata. Nakimbia rodi nimeinyoosha mbele, mbuzi wengine wametawanyika, kengele zinalia, madogo wanakimbia pembeni yangu wananipa maelekezo, "anko mlegezee!" "anko usimlegezee!" na yule mwenye ndoo anasema kwa utulivu tu "atachoka mwenyewe."

Mbele yangu akatokea mzee, kashika fimbo, mgolole begani. Akamdaka beberu pembe kwa mkono mmoja, hata hakukaza. Mimi nikataka kusimama, kandambili ikagoma, nikashuka kwa magoti kwenye mavi ya mbuzi na kuserereka mpaka miguuni kwake, rodi juu. Kaniangalia. Akasema "Mbukwenyi!"

Ugogoni salamu kwanza. Nikaitikia "Mbukwenyi" nikiwa chini vilevile. Nikaongeza shikamoo. Akaitika marahaba. Akauliza za huko nitokako, nikasema nzuri. Akauliza nyumbani hawajambo, nikasema hawajambo mzee wangu, na muda wote huo beberu anatikisa kichwa na rili inafanya zr, zr, zr. Alipomaliza yote ndo akaangalia mshipi, akaangalia rodi, akaniangalia mimi, akasema "Na huyu mbuzi, bei mmeelewana na nani?"

Kale kacheko mnakokasikia mwisho wa video ni ka Mchumi. Alilala chini.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Mzee akatoa kisu, akakata kishungi cha ndevu, krankibeti ikatoka na nywele zake. Nikaomba radhi, nikatoa hela ya soda, akakataa, baadaye akakubali. Akaikamata ile krankibeti akaigeuzageuza akasema hii inabaki hapa, isije ikarudi kwa mbuzi wangu. Sikubisha. Wale madogo wakaniuzia kambale wawili kwa bei ya mjini. Tukaondoka. Tulipofika Fufu nikaona Mchumi ameinamisha kichwa anaongea na simu kwa sauti ya chini, nikadhani anaongea na mke wake.

Ila wakuu, kitu kimoja hakuna wa kuninyang'anya. Rodi haikuvunjika. Bass wa mdomo mpana mkubwa kuliko wote kwenye rekodi za dunia ni wa pauni 22 na aunsi 4, kama kilo 10 hivi, alivuliwa na George Perry kule Georgia, Marekani, mwaka 1932, na mwaka 2009 Mjapani Manabu Kurita akapata wa kulingana naye Ziwa Biwa. Beberu yule kwa macho tu anawapita wote wawili ukiwaweka kwenye mzani mmoja, na mimi nimemshika kwa mshipi wa pauni 8 na rodi nyepesi ya dropu shoti. Kwanini haikukatika? Kwa sababu breki niliiweka vizuri, na kwa sababu nilipogeuka niliishusha ikamwelekea mnyama, sikuisimamisha wima nikaivuta nyuma ya kichwa, maana hapo ndo rodi za kaboni hupasukia nchani. Kwenye video yenu mlishaona hilo? Hamjaona, mnaangalia kandambili tu. Na yule aliyeandika kwenye grupu eti hatimaye kapatikana Mtanzania aliyepambana na beberu ana kwa ana, nimekuona, tutaonana kikao cha mchango wa harusi.

Nikipata hela nyingine nitachukua ile ya nguvu ya kati, mpindo wa wastani, inayobeba mpaka gramu 20, kwa ajili ya vyambo vizito. Hii nyepesi inabaki na kazi yake. Na ukiwa na rafiki anayekula machungwa, mkalishe upande wa maji.

Jana usiku Mchumi kanipigia. Nikajua anaomba msamaha. Anataka hela ya krankibeti yake. Nimemwambia aende Mtera akaidai, na asisahau kusalimia kwanza.